Mwanamfalme Rwagasore na Viatu vya Kushoto

Nataka kuwaeleza maisha ya Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi. Lakini kwanza sina budi kuungama jinsi nilivyoyajua, kwa maana sikuyajua kwa bidii yangu; niliyajua kwa adhabu.

Nilisoma Gitega. Kila mwaka timu yetu ya mpira ilishindana na timu ya shule moja ya Muyinga, kaskazini, kuelekea mpaka wa Tanzania, na kila mwaka mizaha ilitangulia mpira. Wao walipokuja kwetu walitutilia chumvi katika sufuria ya chai. Sisi tulipokwenda kwao, niliingia bwenini mwao usiku nikachukua viatu vyote vya kushoto vya wachezaji, nikavificha chini ya magunia ya maharagwe. Asubuhi tulicheka sana, mpaka mlinda mlango wao alipocheza pekupeku akakanyaga kipande cha chupa. Damu ilipotoka, kicheko kilikatika. Wenzake wakaokota mawe, wenzangu wakavunja fimbo. Kama walimu wasingaliingia kati, sijui yangalitokea nini.

Siku ile ilikuwa tarehe 12 Oktoba, na kesho yake ndiyo sikukuu ya kumkumbuka Rwagasore. Mwalimu mmoja mzee wa pale hakutuchapa. Aliniita mimi pamoja na mkuu wa watundu wa Muyinga, yule wa chumvi, akatuketisha katika chumba cha vitabu na kalamu moja, akatuamuru tuandike pamoja maisha ya Mwanamfalme, tuyasome kesho mbele ya shule zote mbili. Tulianza bila kutazamana. Haya ndiyo tuliyoyapata, nami nimeongeza machache niliyojifunza baadaye.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, na mama yake Thérèse Kanyonga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka wa 1945 alipelekwa shule ya Astrida, huko Rwanda, ambako watoto wengi wa machifu wa nchi zote mbili walisomeshwa ili wawe watumishi wa serikali. Kisha akaenda Ubelgiji kusoma katika mji wa Antwerp, akarudi kwao mwaka wa 1956.

Wengi walidhani kijana wa jumba la kifalme atakaa kitini apigiwe makofi. Yeye hakufanya hivyo. Mwaka wa 1957 alianzisha ushirika wa wafanya biashara na wanunuzi, ili Warundi nao wapate sehemu katika biashara ya nchi yao. Katika mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, alikuwa na marafiki wengi miongoni mwa Waswahili, watu wa sokoni na wachuuzi, nao walimsaidia sana. Ushirika ulipata taabu ya fedha, lakini jina lake lilikwisha kuenea. Akawa kichwa cha chama cha UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa, akadai uhuru. Nje ya nchi alipata rafiki mkubwa, Julius Nyerere wa Tanganyika.

Hapo ndipo yalipoingia mashindano ya nyumba mbili. Katika ukoo wa wafalme palikuwa na nyumba ya Bezi, uzao wa Mwami Mwezi Gisabo, na nyumba ya Batare, uzao wa Mwami Ntare Rugamba. Rwagasore alikuwa wa Bezi. Mzee Pierre Baranyanka, chifu mkubwa aliyependwa na Wabelgiji, alikuwa wa Batare, na wanawe wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, waliongoza chama cha PDC kilichoshindana na UPRONA. Mwenzangu wa Muyinga alipofika hapa alikuna kichwa, akanionyesha jambo ambalo mimi sikuliona: Gisabo alikuwa mtoto wa Rugamba. Basi hawa waliochukiana walikuwa ndugu wa babu mmoja.

Mwishoni mwa mwaka wa 1960, wakati wa uchaguzi wa mitaa, serikali ya Wabelgiji ilimzuia Rwagasore nyumbani asitoke, na chama cha PDC kikashinda. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa bunge, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Tazameni alivyofanya baada ya kushinda: hakuwacheka walioshindwa. Aliwaambia watu kwamba ushindi ule si wa chama juu ya chama, bali ni wa nchi nzima, akawataka wasilipize kisasi. Katika serikali yake aliwaweka Wahutu na Watutsi pamoja.

Hakupewa muda. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akila chakula katika hoteli kando ya ziwa Tanganyika, Mgiriki mmoja, Jean Kageorgis, alimpiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 29. Akazikwa Vugizo, juu ya mlima unaoutazama mji. Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Korti iliwatia hatiani pia wana wawili wa Baranyanka kwa kula njama, na mwezi wa Januari 1963 wakanyongwa Gitega mbele ya watu, pamoja na wengine watatu. Kuhusu wakubwa wa Kibelgiji na sehemu yao katika mauaji hayo, wanahistoria wanauliza hata leo. Baada yake chama chake chenyewe kiligawanyika, na nchi ikaona damu nyingi, mwaka wa 1965 na tena mwaka wa 1972.

Nilipoandika kwamba walinyongwa Gitega, niliweka kalamu chini. Ni mji uleule alipozaliwa Rwagasore, na ni mji wangu. Tulinyamaza kitambo. Kisha nikakumbuka kwamba katika mzaha wa viatu mshindi nilikuwa mimi, na kwamba Rwagasore alipokuwa mshindi ndiye aliyetangulia kutafuta amani. Nikamwomba mwenzangu anipeleke kwa yule mlinda mlango. Tulikwenda usiku ule, mimi nimebeba viatu vyote kifuani kama kuni. Mgonjwa alinitazama sana, kisha akaniuliza kama maharagwe nayo niliyarudisha. Tukacheka, safari hii sote.

Kesho yake tulisoma kwa zamu, mimi mstari, mwenzangu mstari, na walioshika mawe na walioshika fimbo walikaa kimya wakisikiliza.

Ndugu zangu wanafunzi, shindaneni, maana shule bila mashindano hulala usingizi. Lakini ukishinda, tangulia wewe kunyosha mkono, tena mapema, wakati kilichofichwa bado ni kiatu tu. Mwenzangu wa Muyinga amekuwa rafiki yangu mpaka leo. Nilipooa aliniletea zawadi katika karatasi nzuri: kiatu kimoja kipya, cha kulia. Cha kushoto alinipa jioni, nilipokwisha kumwandalia chai. Nami niliionja kwanza.