Srinivasa Ramanujan na Cheti cha Saini Kumi na Tatu

Utangulizi

Kuna vyeti ambavyo mtu huvipata kwa kuketi katika chumba cha mtihani, na kuna cheti ambacho hakipatikani ila kwa ushahidi wa wenzake. Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa Kihindi aliyeaga dunia mwaka 1920 akiwa na umri wa miaka 32, alivikosa vyeti vya aina ya kwanza alipokuwa kijana. Kile cha aina ya pili alikipata ng'ambo ya bahari, akiwa mgonjwa na mbali na jamaa zake. Makala hii inayaangazia maisha yake kwa kuzingatia hasa namna alivyopendekezwa na kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi iliyoasisiwa mwaka 1660. Aghalabu uchaguzi huo hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba heshima hiyo ilimjia kama mvua ya masika. Ukweli ni kwamba kuna mtu aliyeihangaikia, tena akishindana na wakati.

Malezi na Masomo

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, nyumbani kwa nyanya yake mzaa mama. Alilelewa katika mji wa Kumbakonam. Babake alikuwa karani katika duka la nguo, naye mamake alikuwa akiimba nyimbo za ibada hekaluni. Familia hiyo ilikuwa ya tabaka la Brahmin, tabaka lenye heshima kubwa katika dini ya Kihindu, ila heshima hiyo haikujaza chungu.

Mnamo mwaka 1903, Ramanujan alikipata kitabu cha George Carr kilichokusanya maelfu ya kanuni za hisabati, nyingi zikiwa zimetajwa tu pasi na uthibitisho kamili. Kijana huyo alianza kuzithibitisha mwenyewe, kisha akabuni nyingine ambazo hazikuwamo kitabuni. Karatasi zilikuwa ghali kwake. Kwa hiyo, alizifanya hesabu zake juu ya kibao, akifuta kwa kiwiko cha mkono, na kuandika daftarini matokeo ya mwisho pekee. Tabia hiyo iliyoletwa na uhitaji ndiyo iliyowatatiza wasomaji wake wa baadaye, kwani daftari zilijaa majibu bila kuonyesha njia.

Mwaka 1904 alijiunga na chuo cha serikali mjini Kumbakonam kwa ufadhili wa masomo. Aliupoteza ufadhili huo kwa kuwa aliyapuuza masomo mengine yote isipokuwa hisabati. Alijaribu tena katika chuo cha Pachaiyappa mjini Madras, lakini akaanguka mtihani. Mwaka 1907 aliurudia, akaanguka tena. Hivyo basi, kufikia umri wa miaka 20 hakuwa na shahada yoyote wala matumaini ya kuipata.

Kutoka Bandarini hadi Cambridge

Mwaka 1909 Ramanujan alimwoa Janaki, aliyekuwa bado mtoto, kwa mujibu wa desturi ya wakati ule. Majukumu yalimlazimu kutafuta kazi, naye akawa anabisha hodi kwa watu huku daftari zake zikiwa kwapani. Mmoja wa waliompokea alikuwa V. Ramaswamy Aiyer, afisa wa serikali aliyeanzisha Chama cha Hisabati cha India. Mwingine, R. Ramachandra Rao, alimpa posho ya rupia 25 kila mwezi. Mwaka 1911 makala yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la chama hicho, na mwaka 1912 akaajiriwa kuwa karani katika bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi.

Waliomzunguka walitambua kwamba walikuwa na jambo kubwa mbele yao, ila hawakuwa na uwezo wa kulipima. Barua zikaanza kutumwa Uingereza. Inasimuliwa kuwa wanahisabati wawili wa Cambridge, H. F. Baker na E. W. Hobson, waliandikiwa wala hawakumsaidia. Wote wawili walikuwa wanachama wa Royal Society. Ni vyema msomaji ayaweke majina hayo akilini, kwa maana yatarejea.

Tarehe 16 Januari 1913 Ramanujan alimwandikia G. H. Hardy wa chuo cha Trinity, Cambridge. Barua hiyo ilisheheni kanuni nyingi, baadhi zikiwa zinajulikana, baadhi zikiwa na makosa, na nyingine zikiwa ngeni kabisa. Hardy alimwita mwenzake J. E. Littlewood, wakazikalia karatasi hizo usiku. Walipoinuka walikuwa wameridhika kwamba mwandishi hakuwa laghai. Hoja ya Hardy ilikuwa nyepesi: kanuni kama zile hazingeweza kubuniwa na mtu asiyekuwa mwanahisabati wa daraja la juu kabisa.

Hata hivyo, safari haikuwa rahisi. Brahmin aliyeshika dini alikatazwa kuvuka bahari, na aliyevuka alihatarisha nafasi yake katika tabaka lake. Mapema mwaka 1914 E. H. Neville, mwanahisabati mwingine wa Trinity aliyekuwa ziarani Madras, alimshawishi kusafiri, naye mamake hatimaye akaridhia. Ramanujan aling'oa nanga tarehe 17 Machi 1914, akamwacha Janaki nyumbani.

Kazi na Maradhi

Miezi michache baada ya kuwasili kwake, Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka. Ramanujan hakula nyama. Alijipikia chumbani mwake, na kadiri vita vilivyoendelea ndivyo vyakula alivyovizoea vilivyoadimika. Juu ya hayo kulikuwa na baridi, upweke na mazoea ya kufanya kazi saa nyingi mfululizo. Licha ya dhiki hizo, kazi ilisonga mbele. Mnamo Machi 1916 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku shahada kwa msingi wa utafiti wake, pasi na mtihani wa kawaida. Mtu aliyeanguka mara mbili nchini mwake akawa amepata shahada yake ya kwanza.

Miongoni mwa kazi alizozifanya pamoja na Hardy ni ile inayohusu njia za kuigawa namba nzima. Namba 4, kwa mfano, inaweza kuandikwa kwa njia tano: 4 yenyewe, 3 na 1, 2 na 2, 2 na 1 na 1, au 1 mara nne. Namba inapokua, njia hizo huongezeka kupita kiasi cha kuhesabika kwa urahisi. Meja P. A. MacMahon alizihesabu njia za namba 200 kwa mkono, akapata 3,972,999,029,388. Kanuni ya Ramanujan na Hardy ilipopimwa kwa jibu hilo, ililingana nalo.

Mwaka 1917 Ramanujan aliugua. Madaktari walidhani ni kifua kikuu, naye akahamishwa kutoka zahanati moja hadi nyingine. (Mnamo mwaka 1994 daktari mmoja aliyechunguza kumbukumbu za ugonjwa huo alitoa hoja kwamba yamkini ulikuwa maradhi ya ini yatokanayo na amiba.) Mwaka huohuo wa 1917 jina lake lilipelekwa Trinity ili achaguliwe kuwa mwanazuoni wa chuo hicho, lakini hakuchaguliwa. Chuo kilikuwa na migogoro yake ya wakati wa vita, na Hardy mwenyewe hakupendwa na wengi humo kwa msimamo wake wa kupinga vita hivyo. Aidha, suala la rangi halikukosekana.

Kupendekezwa na Kuchaguliwa

Utaratibu wa Royal Society haukumruhusu mtu kujiombea uanachama. Ilibidi wanachama waandike cheti chenye jina la mtarajiwa, makazi yake na sifa za kazi yake, kisha watie saini. Saini hizo hazikupaswa kupungua sita, na angalau tatu ziwe za wanachama waliomfahamu mtarajiwa wao wenyewe. Cheti kilitundikwa mahali ambapo wanachama wote wangekiona. Baraza ndilo lililoyachambua majina na kupendekeza 15 kwa mwaka, kisha wanachama wakapiga kura. Aghalabu jina lilikaa katika orodha miaka kadhaa kabla ya kufikiwa, na kusubiri huko kulichukuliwa kuwa jambo la kawaida.

Tarehe 18 Desemba 1917 cheti cha Ramanujan kilikuwa tayari. Kilikuwa na saini 13. Ya Hardy ilikuwamo, na ya Littlewood, na ya MacMahon ambaye hesabu yake ya mkono iliithibitisha kanuni. Zilikuwamo pia saini za E. T. Whittaker na A. N. Whitehead. Fauka ya hayo, zilikuwamo saini za H. F. Baker na E. W. Hobson. Ikiwa masimulizi ya barua za awali ni ya kweli, basi watu wawili ambao hawakuona lolote katika maandishi ya karani wa bandari walikuwa sasa wakiishuhudia kazi ya mtu yuleyule. Walichoongezewa katika miaka hiyo ni msomaji mmoja, Hardy, aliyekuwa tayari kukesha na maandishi hayo na kuwafafanulia wengine.

Hardy hakukomea kwenye saini. Alimwandikia J. J. Thomson, rais wa Royal Society, akakiri kuwa kwa desturi asingelisukuma jina la kijana huyo mapema hivyo. Lakini afya ya mgonjwa haikutoa hakikisho la mwaka mwingine, na kumwahirisha mtu wa aina hiyo kungeweza kumaanisha kumkosa kabisa.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mapema mwaka 1918, kwa mujibu wa masimulizi ya waliomfahamu Hardy, Ramanujan alijirusha kwenye reli za treni ya chini ya ardhi mjini London. Treni ilisimamishwa karibu naye, akanusurika na majeraha. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Uingereza wakati huo. Hardy aliitwa, akawaeleza polisi kwamba mtu waliyemkamata ni mwanachama wa Royal Society na kwamba hafai kushtakiwa. Dai hilo halikuwa la kweli, kwani kura zilikuwa bado hazijapigwa. Polisi walimwachilia. Hivyo, hata kabla ya kuwa wake, uanachama huo ulikuwa umekwisha kumkinga na gereza.

Tarehe 2 Mei 1918 Ramanujan alichaguliwa. Alikuwa Mhindi wa pili kupata heshima hiyo. Wa kwanza, Ardaseer Cursetjee, mhandisi na mjenzi wa meli kutoka Bombay, alichaguliwa mwaka 1841, yaani miaka 77 kabla yake. Mnamo Oktoba 1918 jina la Ramanujan lilipelekwa tena Trinity. Safari hii wapinzani walikuwa na mtihani mgumu, kwa sababu kumkataa mwanachama wa Royal Society kungewaumbua wao wenyewe. Akachaguliwa, akawa Mhindi wa kwanza kuipata nafasi hiyo chuoni humo, pamoja na posho ya pauni 250 kwa mwaka kwa miaka sita.

Kurejea na Kufariki

Chuo Kikuu cha Madras nacho kilimtengea pauni 250 kwa mwaka. Tarehe 11 Januari 1919, kutoka kitandani, Ramanujan alikiandikia barua kushukuru na kusema kwamba kiasi hicho kilizidi mahitaji yake. Aliomba pauni 50 kwa mwaka wapewe wazazi wake, na kile ambacho kingebaki baada ya matumizi yake ya lazima kilipie karo ya watoto maskini na mayatima. Aliyewahi kupoteza ufadhili wa masomo hakuisahau adha yake.

Alirejea India mwaka huohuo akiwa amekonda na dhaifu. Janaki alimuuguza, naye aliendelea kuandika. Mnamo Januari 1920 alimwandikia Hardy kumweleza kuhusu aina mpya ya fomula alizozigundua. Alifariki tarehe 26 Aprili 1920. Inasimuliwa kuwa wengi wa jamaa zake wa tabaka la Brahmin hawakuhudhuria mazishi, kwa kuwa alikuwa amevuka bahari. Mwaka 1976 mwanahisabati George Andrews alizikuta katika maktaba ya Trinity karatasi za mwaka wake wa mwisho, na wanahisabati wamezishughulikia kwa miongo kadhaa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba uchaguzi wa mwaka 1918 haukumfanya Ramanujan kuwa mwanahisabati. Kanuni zake zilikuwa sahihi alipokuwa karani wa bandari kama zilivyokuwa sahihi alipokuwa mwanachama wa Royal Society. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokuwa tayari kutia saini chini ya jina lake. Jagadis Chandra Bose alichaguliwa mwaka 1920 na C. V. Raman mwaka 1924, ilhali wanawake walisubiri hadi mwaka 1945. Katika kila hali, vipaji vilikuwapo kabla ya milango kufunguliwa.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu suala hili vizuri, maana hazina kubwa ya ushairi wetu ilitungwa na malenga wasiokuwa na shahada, na ikahifadhika kwa kuwa kuna waliojitahidi kuinakili na kuisoma. Maisha ya Ramanujan yanaonyesha kuwa jumuiya ya wasomi haina macho yake yenyewe, bali huona kwa macho ya mwanachama aliyekubali kukaa na maandishi ya mtu asiyemjua. Yanaonyesha pia kwamba ushahidi una wakati wake. Cheti cha saini 13 kilipita Mei 1918, na aliyeandikiwa akaishi chini ya miaka miwili baadaye. Kama Hardy angeifuata desturi ya kusubiri, huenda jina hilo lingalikuwa bado linaning'inia ukutani wakati mwenyewe anazikwa.