Askofu Hannington na Wenzake

Tarehe 29 Oktoba ni siku ya kumkumbuka Askofu James Hannington. Tumeona vema tusimulie kwa kifupi maisha yake, na habari za mahali alipouawa, maana ni ng'ambo tu ya ziwa letu.

Alizaliwa mwaka 1847 huko Hurstpierpoint, Uingereza. Ujanani alifanya kazi katika biashara ya baba yake, kisha akasoma Oxford na kuwa kasisi. Mwaka 1877 wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, kisiwa ambacho sisi wa Musoma na Bunda tunakihesabu kuwa jirani. Habari hizo zilimchoma moyo. Mwaka 1882 akaja, akasafiri kutoka pwani hadi kusini mwa ziwa, lakini maradhi yakamrudisha kwao. Hakukata tamaa. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu, akarudi.

Julai 1885 aliondoka Rabai na wapagazi wapatao 200, akipita nchi ya Wamasai. Njia hiyo ilikuwa fupi, lakini ndiyo iliyomponza. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa pwani, na Waganda waliamini kwamba adui wa ufalme wao angetokea mashariki, kwa kupitia Busoga. Kabaka Mwanga, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika kiti, akaingiwa na hofu. Hannington hakuyajua hayo. Kwa Sundu, panapoitwa leo Mumias, aliwaacha wapagazi wengi pamoja na William Jones, Mwafrika aliyempa daraja mwaka uleule, akaendelea na watu 50. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa kwa chifu Luba, akafungwa siku nane, akiandika habari zake kila siku. Tarehe 29, kwa amri ya Kabaka, aliuawa pamoja na wapagazi wake. Wachache tu walinusurika.

Mahali hapo ni Kyando, katika wilaya ya Mayuge. Mifupa ya askofu haikubaki huko. Ilipelekwa Mumias, kisha Askofu Tucker akaizika Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi mno katika mwambao wa Busoga, na waliobaki wakahamishwa. Sisi wa Mara tunaomjua mbung'o tunaelewa maana ya nchi kubaki pori. Hata hivyo habari haikupotea. Mtoto wa Hannington alikuja kuwa mmisionari, akambatiza mtoto wa Luba. Leo mahujaji hukusanyika Kyando kila mwaka.

Yuko atakayeuliza: ikiwa askofu amezikwa Namirembe, Kyando pana nini cha kutunzwa? Sisi tunajibu kwamba wapo wapagazi. Hao hawakuhamishwa, wala hawakujengewa kaburi kanisani. Walikuwa watu wa kubeba mizigo, wenye mama na wake waliowangoja pwani, na majina ya wengi wao hatuyajui. Ardhi ile ndiyo kaburi lao. Kyando ikisahauliwa, askofu bado atakumbukwa Namirembe, lakini wao watakuwa wamepotea kabisa.

Basi tarehe hiyo tukimtaja Hannington kanisani, tuseme: Hannington na wenzake. Na neno hilo la mwisho tusilitamke kwa haraka.