TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 9: Bibi Titi Mohamed na ushindi wa wengi



Ndugu zangu katika imani, Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu. Leo nakuletea habari za mtu ambaye jina lake unalijua. Ukiteremka Mbagala ukapanda daladala kwenda mjini, utaikuta barabara kubwa inayoitwa Bibi Titi Mohamed. Tunapita hapo kila siku, wengine wetu hatujiulizi alikuwa nani. Basi jua kwamba mama huyu aliwahi kuwa mbunge wetu, enzi Kibiti haijawa wilaya na visiwa vyote hivi vya delta ni Rufiji.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Kabla ya siasa watu walimjua kwa sauti yake. Alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma cha akina mama kilichoitwa Bombay.

Najua yupo atakayesema, imamu leo kaanza habari za ngoma na watu wamefunga! Tulia ndugu yangu. Sijaja kuhalalisha ngoma. Nataka uone jambo moja tu. Vikundi vile vya akina mama mjini vilikuwa vikishindana hasa. Nani kaimba vizuri, nani kapendeza, nani kajaza watu. Ni kama timu zetu kwenye ligi ya mbuzi. Kila kikundi kina kiongozi wake na watu wake, na kila kimoja kinataka kumpita mwenzake.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwanzoni wanawake ndani yake walikuwa wachache sana. Mwaka 1955 kikaundwa kitengo cha akina mama, na Bibi Titi, mwanamke wa miaka 29, akapewa akiongoze. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, na kazi yenyewe hakuna aliyewahi kuifanya kabla yake.

Sasa jiulize, ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Wengi wetu tungeanza na watu wetu na kuishia kwa watu wetu. Yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, wale wale aliokuwa akishindana nao. Hakuwataka wavunje vikundi vyao waje Bombay. Aliwaomba kila mmoja awalete watu wake. Katika muda wa miezi kama mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi za chama.

Piga hesabu mwenyewe. Bombay peke yao wasingefika hapo hata wangeimba usiku kucha. Ushindi ule ulikuja kwa sababu wapinzani wa jana walikubali kuvuta kamba upande mmoja, na kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kubisha hodi kwa mpinzani wake.

Baada ya hapo alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia mikutano. Tarehe 9 Desemba 1961 uhuru ukapatikana. Mwaka 1962 ikaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Akawa mbunge wa Rufiji, akawa naibu waziri. Alikuwa juu kabisa.

Hapa nikukumbushe kisa cha Mtume wetu (s.a.w.). Alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, aliyekuwa hapitwi katika mashindano. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba wakaona uzito moyoni. Mtume akawafundisha kwamba ndiyo kawaida aliyoiweka Mwenyezi Mungu, hakuna kitu cha dunia hii kinachopanda ila naye hukishusha. Hakuwakataza kushindana. Aliwatibu ile hasira ya kushindwa.

Siku ya Bibi Titi nayo ikafika. Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa chama kimoja, ila karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wapiga kura wa Rufiji, yaani babu zetu na bibi zetu hawa hawa, wakamchagua mwingine. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu nyadhifa zake. Mwaka 1969 akakamatwa, yeye na wengine kadhaa, kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Mwaka 1970 kesi ikaanza kusikilizwa, na mwishowe akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais akamsamehe, akatoka.

Mimi si hakimu wa kesi ile, na tafakari ya leo haimo humo. Tafakari imo katika kilichofuata. Mama yule, aliyewahi kuwakusanya maelfu kwa miezi michache, alirudi nyumbani watu wakiwa wamempungukia. Ndoa yake ilikuwa imevunjika akiwa gerezani. Wengi waliomshangilia hawakumpitia mlango. Miaka mingi alikaa kimya, mpaka baadaye nchi ikamkumbuka na kumtaja tena kwa heshima. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu yangu, kushangilia mwenzako anapofunga goli ni jambo jepesi, hata mtoto anaweza. Kama kweli nyinyi ni timu moja, itajulikana siku mmoja wenu ameanguka.

Sasa nirudi hapa kwetu. Kabla mwezi haujaandama tulimaliza ligi yetu, na fainali iliamuliwa kwa penalti. Nilifurahi kuona vijana wanakimbia badala ya kukaa vijiweni. Lakini leo ni saumu ya tisa, na bado wapo vijana wa timu zile mbili hawasalimiani. Wamo katika safu moja ya tarawehe, bega kwa bega, na mioyo imegeuziana visogo. Na yule kijana aliyekosa penalti ya mwisho hajaonekana msikitini tangu saumu ya nne. Nimeuliza, nimeambiwa anachekwa. Akipita gatini wanamwita kwa jina la ile penalti.

Wallahi hili limeniuma. Mbuzi yule keshaliwa, mifupa tumetupa. Mbuzi ameisha, sisi bado tunamla nyama mwenzetu, tena tumefunga!

Kwa hiyo leo sikuombi jambo kubwa. Nawaomba manahodha wa timu zote mbili, na hasa wewe wa timu iliyoshinda, mfanye kama alivyofanya Bibi Titi mwaka 1955, mbishe hodi kwa mpinzani. Mfuateni yule kijana nyumbani kwao baada ya Alasiri, mje naye, mfuturu pamoja hapa msikitini. Msimpe hotuba wala msimtajie penalti. Mpeni tende, mpeni nafasi kwenye mkeka, basi.

Na wewe unayesoma hii, angalia ni nani katika watu wako ameanguka mwaka huu na hujampitia. Biashara ya kamba imemharibikia, mtumbwi umempotea, au alikuwa na cheo sasa hana. Mpitie kabla ya Idi.

Ewe Mola wetu, tuunganishe mioyo yetu, tuondolee kiburi tunaposhinda na chuki tunaposhindwa, na utujaalie kushindana katika kheri. Amin.

Darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida. Saumu maqbul.