Alimkataza Uuguzi, Akauguzwa Naye

Mpendwa msomaji, uwe umetoka upande huu wa mpaka au ule, jina la Florence Nightingale unalijua. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao. Habari za taa yake wengi tumezisikia tangu shule. Leo hebu tumtazame pamoja na mama yake, Fanny, maana hapo pana somo letu sisi wazazi.

Fanny hakuwa mtu mbaya. Baba yake, William Smith, alikuwa mbunge huko Uingereza, mmoja wa waliopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kuwapelekea chakula na nguo maskini wa vijiji vya jirani, na mabinti zake wawili wakajifunza kwake. Kwa hiyo huruma Florence aliianzia nyumbani. Ila huruma ya mama ilikuwa na mpaka: unapeleka kikapu, unamjulia hali mgonjwa, unarudi kwako.

Florence alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wakiwa safarini, wakampa jina la mji huo. Walikuwa matajiri. Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na miaka 16, alisadiki kwamba Mungu amemwita amtumikie. Utumishi gani, hakujua bado. Ilimchukua miaka kuona kwamba ni kwa wagonjwa.

Mwaka 1845 aliomba ruhusa akajifunze uuguzi kwa miezi michache katika hospitali ya Salisbury. Nyumbani kukawaka moto! Jiweke mahali pa mama huyu. Hospitali za wakati ule zilikuwa chafu, na wauguzi walisifika kwa ulevi. Binti wa watu wenye mali, eti akaoshe vidonda? Mama akakataa katakata. Mwaka 1849 Florence akamkataa mchumba wa maana, mama akaumia zaidi. Mwaka 1851 hatimaye alikwenda kwa mashemasi wanawake wa Kilutheri kule Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza miezi mitatu. Mama na dada walikubali kwa shingo upande, tena hawakutaka watu wajue aliko. Waliona aibu.

Mwaka 1853 baba alilegea, akampa paundi 500 kwa mwaka ili ajitegemee. Mwaka uliofuata Uingereza ikaingia katika Vita vya Krimea. Florence akaenda na wauguzi 38 hadi hospitali ya askari huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul, ambako maradhi yalikuwa yanaua watu wengi kuliko majeraha. Akasimamia usafi, chakula na matandiko, na usiku akapita na taa yake kitanda kwa kitanda. Uingereza nzima ikamtaja. Kule nyumbani barua zikamiminika, na aibu ya mama ikageuka fahari.

Lakini, mpendwa, kujivunia mtoto ni jambo moja, na kuipokea huruma yake ni jingine. Hilo la pili lilingoja uzee.

Mwaka 1874 baba alifariki. Kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, nyumba ya Embley ilienda kwa upande mwingine wa ukoo, na Fanny ikambidi ahame. Alikuwa na zaidi ya miaka 80, macho yamekufa, kumbukumbu zinapotea. Nani alimshika mkono? Ni Florence, ambaye naye tangu vitani alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, na mezani kwake kulikuwa na mzigo wa kazi. Ilimgharimu, lakini miaka ile alibeba uangalizi wa mama yake. Yule aliyekuwa akipeleka kikapu na kuondoka, sasa yeye ndiye aliyehitaji mtu asiyeondoka. Na mtu huyo alikuwa binti aliyemkataza.

Fanny alifariki Februari 1880, akiwa amepita miaka 90. Florence alimfuata mwaka 1910. Ndugu zake hawakukubali azikwe Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi. Alizikwa East Wellow, kwenye kaburi la familia, kwa wazazi wake.

Sasa wewe baba, wewe mama, unayesoma haya. Pengine mwanao mtu mzima amekuja na jambo linalokutia aibu mbele ya majirani. Anataka kwenda kukaa na wakimbizi kambini, au kuwatunza wagonjwa wa akili, wakati wewe ulishamsomesha kwa kazi ya mshahara mnono. Kabla hujakataa, kaa naye jioni moja umuulize anaona nini huko. Inawezekana huruma uliyompandia mwenyewe ndiyo imekua kukupita wewe. Usingoje mpaka upofuke ndipo uione.