Bear Bryant na pete ya msimu aliochapwa mechi tisa

Kocha Paul Bryant alifariki dunia Januari 26, 1983 akiwa na miaka 69. Alikuwa ametwaa mataji sita ya ubingwa wa taifa na kushinda mechi 323, rekodi ambayo wakati huo hakuna kocha mwingine wa vyuo vikubwa vya Marekani aliyekuwa nayo.

Lakini pete ya dhahabu aliyokuwa nayo kidoleni siku hiyo haikuhusu taji hata moja. Alipewa na wachezaji wa timu yake ya mwaka 1954, iliyoshinda mechi moja na kuchapwa tisa.

Katika misimu 38 ya ukocha wake, huo ndio pekee aliomaliza akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi.

Mtoto wa shamba aliyepigana na dubu

Bryant alizaliwa Septemba 11, 1913 huko Moro Bottom, Arkansas, mtoto wa 11 kati ya 12. Familia ilikuwa maskini wa kutupwa, ikiishi kwa kulima na kuuza mazao.

Akiwa kijana mdogo, onyesho la dubu lilifika mji wa Fordyce. Aliahidiwa dola moja kwa kila dakika ambayo angeweza kupambana na mnyama huyo. Jamaa akajitosa. Kwa alivyosimulia mwenyewe, aling'atwa sikio na hela hakuiona. Alichoondoka nacho ni jina: Bear, yaani Dubu.

Futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ndiyo iliyomtoa shambani. Aliichezea Alabama na kushinda Rose Bowl Januari 1, 1935. Baada ya vita kuu ya pili alifundisha Maryland, kisha Kentucky kwa misimu minane.

Mwaka 1954 akaitwa kuinusuru Texas A&M, timu iliyokuwa hoi.

Siku 10 za Junction

Bryant aliwatazama vijana aliowakuta na kuamua kwamba wengi ni legelege. Septemba mosi akawapakia kwenye mabasi, karibu 100, hadi mji mdogo wa Junction, mbali na wazazi, waandishi na wapenzi wa timu.

Huko Texas kulikuwa na ukame mkali. Jua lilipita nyuzi joto 38. Uwanja haukuwa na nyasi za maana, ni mawe, vumbi na miiba. Vijana walilala kwenye mabanda na kuamshwa kabla ya alfajiri.

Kibaya zaidi, maji hayakuruhusiwa mazoezini. Makocha wengi wa zama zile waliamini kuwa kunywa maji mazoezini kunamlegeza mchezaji. Leo tunajua kwamba kufanya hivyo kwenye joto kama lile ni kucheza na roho za watu. Kijana mmoja alizidiwa na joto, akaanguka, nusura afe.

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakitoroka usiku na kuomba lifti barabarani. Siku ya 10 ilipofika, waliobaki hawakufika 40.

Vipigo vikaanza

Ungedhani kambi ngumu namna ile ingezaa simba. Wapi! Mechi ya kwanza, Texas Tech iliwachapa 41-9.

Sababu haikuwa ngumu kuiona. Kikosi kilikuwa kimebaki na watu wachache, na kanuni za wakati huo zilibana sana ubadilishaji wa wachezaji. Wale wale walioshambulia ndio waliorudi kulinda. Aliyeumia hakuwa na mtu wa maana wa kumpokea.

Ushindi pekee ulikuja ugenini dhidi ya Georgia, 6-0. Baada ya hapo, ni kipigo juu ya kipigo.

Hata hivyo, matokeo yana jambo la kutazamwa. TCU waliwashinda 21-20, tofauti ya pointi moja. SMU wakashinda 6-3. Timu iliyopondwa mechi ya kwanza ilikuwa sasa inafungwa kwa taabu. Ila kwenye msimamo hakuna alama za huruma, na msimu ukafungwa kwa ushindi 1, vipigo 9.

Miaka miwili baadaye

Mwaka 1955 timu ilishinda mechi saba. Mwaka 1956 haikufungwa kabisa: ushindi tisa, sare moja na ubingwa wa kanda yao. Ndani ya kikosi hicho walikuwamo Gene Stallings na Jack Pardee, wote waliovumilia Junction.

Hapo ndipo simulizi ikageuka. Kambi ile ikaanza kusifiwa kama tanuri lililopika mabingwa. Vikaandikwa vitabu, ikatengenezwa na filamu. Waliotoroka usiku wakabaki kwenye simulizi kama waoga, ingawa walikimbia mateso ambayo leo kocha yeyote angefukuzwa kwa kuyafanya.

Bryant alirudi Alabama mwaka 1958 na kukaa huko hadi 1982. Mataji yote sita aliyapata huko. Kwa miaka mingi timu yake ilikuwa ya wazungu watupu, na wachezaji weusi walianza kuichezea mwaka 1971 tu.

Umaarufu haukumfanya aisahau Junction. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka miaka ya 1970, alikiri hana uhakika kama alilowafanyia wale vijana lilikuwa jema au baya. Alijitetea kwamba ndicho alichokijua wakati ule.

Mwaka 1979, robo karne baadaye, walionusurika walikutana tena Junction, sasa wakiwa watu wazima. Bryant akafunga safari kwenda kuwaona. Kumbe hawakuwa na kinyongo. Wao ndio waliompa ile pete, imeandikwa jina la vijana wa Junction.

Bryant alistaafu baada ya mechi ya Desemba 29, 1982, Alabama walipoifunga Illinois 21-15. Siku 28 baadaye moyo wake ulisimama. Pete ilikuwa bado kidoleni.