Burkitt: Daktari aliyechora ramani ya saratani kwa gari kuukuu

Mwaka 1961 pauni 250 zilitosha kununua gari aina ya Ford lenye umri wa miaka saba. Gari hilo liliwabeba madaktari watatu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakifuatilia uvimbe uliokuwa ukiua watoto wa Uganda. Aliyeongoza msafara ni Denis Burkitt. Fundi wao alikuwa Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, mtoto wa mhandisi wa barabara. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Dublin, kisha akahamia udaktari.

Mwaka 1946 alipangiwa kazi Lira. Huko aligundua kwamba busha lilikuwa jambo la kawaida mashariki mwa Lango lakini adimu magharibi. Tangu hapo akawa na mazoea ya kuuliza ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo.

Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haukupita muda akamwona mwingine Jinja. Alitangaza matokeo yake mwaka 1958. Kwa msaada wa kwanza wa pauni 25 alichapa picha za ugonjwa huo na kuzituma kwa hospitali zaidi ya 1,000 barani Afrika. Majibu yalionyesha ukanda mpana wa ugonjwa katikati ya bara, lakini ukomo wake upande wa kusini haukuwa wazi. Ilibidi waende wenyewe.

Burkitt, Williams na mwenzao Cliff Nelson waliondoka Oktoba 7, 1961. Anayeendesha gari kuukuu kwenye barabara ya vumbi anajua hatari iliyowakabili. Mpira wa nyaya hukauka kwa joto na kupasuka. Mtikisiko huzisugua nyaya kwenye bodi mpaka shoti inatokea. Dinamo ikiacha kuchaji, betri hufa na taa huzimika, gereji iko mbali. Ndiyo maana ujuzi wa Williams wa magari ulikuwa na thamani sawa na udaktari wake.

Kwa wiki 10 walivuka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji, kilomita zipatazo 16,000, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Kila kituo swali lilikuwa lile lile: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Gharama yote ilikuwa pauni 678.

Jibu lilikuwa kwenye hali ya hewa. Ugonjwa ulionekana kwenye joto na mvua, ukakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria kali. Wakati huohuo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, ambako mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waliona kirusi ndani ya seli zake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt pia aliwatibu watoto kwa dawa badala ya kisu, na baadhi yao walipona kabisa. Williams alirudi Kuluva na kuendelea kuandika kila mgonjwa: ametoka kijiji gani, aliugua lini. Kumbukumbu hizo zilitumika katika utafiti wa mwaka 1967 ulioonyesha kwamba wagonjwa wa West Nile walitokea kwa makundi, mahali na wakati mmoja. Miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 wa eneo hilo walitolewa damu na kufuatiliwa, na uhusiano wa kirusi na uvimbe ukathibitika zaidi.

Burkitt alifariki Uingereza mwaka 1993. Uvimbe unaoitwa kwa jina lake bado unapatikana Afrika Mashariki, na bado unatibika mtoto akiwahishwa hospitali.