Hukwe Zawose na Ualimu wa Ngoma Katika Nyumba ya Kigogo

Watafiti wa fasihi simulizi nchini wamezoea kuuliza utanzu fulani una maana gani na huimbwa wakati gani. Ni nadra kuulizwa ulifundishwa na nani, na nyumbani kwa nani. Makala haya yanayatazama maisha ya Hukwe Zawose kwa swali hilo la pili.

Miongoni mwa Watamili wa kusini mwa India swali hilo ndilo la kwanza. Ngoma yao ya kale, ambayo leo huitwa baratanatiamu, iliwekewa utaratibu wa mafunzo na ndugu wanne wa Thanjavur katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mzao wao, Meenakshisundaram Pillai (1869–1954), aliifundisha kijijini Pandanallur, na mkwewe Chokkalingam Pillai akaipokea. Rukmini Devi alipoanzisha shule yake ya sanaa mjini Madras mwaka 1936, iliyokuja kuitwa Kalakshetra, alitegemea walimu wa nyumba hizo. Tangu hapo wanafunzi wengi wameijua shule kuliko nyumba. Kwetu Tanzania, aliyesimama penye mpaka huo baina ya nyumba na shule ni Zawose.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wagogo, Tanganyika ya kati, akakulia katika maisha ya ufugaji. Ala zilizompa jina ni zeze na ilimba. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo: marimba ya Kiswahili na ilimba ya Kigogo ni shina moja, Kiswahili kimeshika umbo la wingi, Kigogo kikabaki na la umoja.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Si ndimi zote hupigwa. Nyingine zimewekwa ili zitetemeke zenyewe jirani zao wanapoguswa, na matundu ya sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Ngazi ya sauti za Kigogo nayo hufuata zile sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja kuu, na koo la mwimbaji hufuata ngazi hiyo hiyo. Zawose aliweza kushuka kwenye besi nzito na kupanda hadi sauti nyembamba kabisa katika wimbo mmoja. Sidhani kwamba ujuzi wa namna hii hupatikana kwa mihadhara. Sikio huuzoea kwanza, miaka mingi kabla ya vidole.

Baada ya uhuru, serikali ya Nyerere iliunda mwaka 1962 wizara iliyoshughulikia utamaduni, kisha kikundi cha ngoma cha taifa. Inasimuliwa kwamba Nyerere mwenyewe ndiye aliyemwita Zawose Dar es Salaam. Kikundi hicho kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na Zawose akafundisha huko. Ngoma ya muheme, ambayo Ugogoni mtu aliizaliwa nayo, ikawa somo la vijana wa makabila yote. Faida yake ni dhahiri: leo mtoto wa Goba asiyejua neno la Kigogo huweza kuiona ukumbini harusini. Hasara yake husemwa kwa nadra. Chuoni hatua za ngoma hutenganishwa na watu wake, na mwanafunzi hutoka na cheti bila kujua nani aliimba hivi kabla yake.

Zawose, kwa maoni yangu, aliliona jambo hili, maana hakuiachia shule kazi yote. Huko huko Bagamoyo nyumba yake ilikuwa darasa la pili. Mpwa wake Charles alipiga na kuimba pamoja naye, na watoto walikua ndani ya mazoezi. Mwaka 1985 sahani ya Tanzania Yetu ilimtoa pamoja na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Mwaka 1996 ikafuata Chibite. Mwaka 2002 Hukwe na Charles walizunguka Amerika ya Kaskazini wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel. Safari hizo zimeandikwa sana, nami sitazirudia.

Hukwe alifariki Desemba 2003. Charles, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi, alifariki mwaka uliofuata. Mnyororo ulikatika mahali palipodhaniwa kuwa imara, na waliouokota ni waliokuwa wamesikiliza nyumbani. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017.

La kuvutia zaidi lilitokea upande wa wanawake. Muheme ni ngoma ya wanawake Ugogoni tangu zamani, hivyo kuwaona wakipiga si ajabu, ingawa wageni hustaajabu. Mbele ya kundi, penye zeze na ilimba na uongozi wa wimbo, palikuwa pa wanaume, na katika nyumba ya Zawose pia wanawake walibaki katika kiitikio. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa Maisha, wao wakiwa mbele.